Robert Ruark: Mwindaji aliyependa pori la Afrika na kuogopa uhuru wa Waafrika

Tarehe 1 Julai 1965, mwandishi wa Marekani Robert Ruark alifariki mjini London, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 49. Wakati huo jina lake lilikuwa likijulikana kila pembe ya Marekani. Wapo waliomjua kwa safu yake katika magazeti, wapo waliomjua kwa riwaya zake, na wapo waliomjua kwa picha alizopigwa akiwa na bunduki mkononi, kando ya mbogo au chui aliyemuua.

Wazungu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga Kenya wala Tanganyika waliijua Afrika Mashariki kupitia kalamu yake. Mojawapo ya riwaya zake kubwa ina kichwa cha neno moja tu, neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analielewa: Uhuru. Lakini mtu huyo aliyeliweka neno hilo juu ya jalada la kitabu hakuwa akiufurahia uhuru wenyewe. Aliutazama kwa hofu, kama mtu anayetazama moto ukikaribia nyumba yake. Tatizo ni kwamba nyumba hiyo haikuwa yake.

Mjukuu wa nahodha

Robert Chester Ruark alizaliwa tarehe 29 Desemba 1915 katika mji wa Wilmington, mji wa bandari katika jimbo la North Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani. Utoto wake mwingi aliupitisha katika mji mdogo wa Southport, mahali ambapo mto Cape Fear unaingia baharini. Huko aliishi babu yake mzaa mama, nahodha Edward Hall Adkins.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa shule yake ya kwanza. Alimfundisha kuvua samaki, kuwinda kware na bata, kumzoeza mbwa na kushika bunduki kwa heshima. Mtoto alijifunza kwamba mwindaji haui zaidi ya anachohitaji, na kwamba mtu asiyejua kunyamaza porini hawezi kuona kitu. Miaka mingi baadaye mafunzo hayo yangemletea sifa kubwa kuliko karibu kila kitu kingine alichoandika.

Lakini utoto huo haukudumu. Uchumi wa Marekani uliporomoka kuanzia mwaka 1929, viwanda vikafungwa na mamilioni ya watu wakakosa kazi. Familia ya Ruark nayo ikaangukia katika shida. Kijana alimaliza shule ya sekondari mapema kuliko wenzake, na akiwa na miaka 15 tu akaingia Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill. Alisomea uandishi wa habari na kumaliza mwaka 1935, katika miaka ambayo hata mwenye diploma alikuwa akitafuta kazi yoyote ya kumpa chakula.

Alianza katika gazeti dogo la mji wa Hamlet. Alifanya pia kazi melini. Baadaye akafika Washington, mji mkuu, na kuingia katika gazeti la Washington Daily News kama kijana wa kutumwatumwa ofisini: kupeleka karatasi, kuleta kahawa, kukimbia huku na huku. Hakukaa hapo muda mrefu. Alipanda akawa mwandishi wa michezo, na jina lake likaanza kuonekana kwenye kurasa. Mwaka 1938 alimuoa Virginia Webb, ambaye angekuwa naye kwa karibu miaka 25.

Vita, kisha safu ya kila siku

Vita vya Pili vya Dunia vilipoifikia Marekani, Ruark aliingia katika jeshi la majini. Akiwa ofisa, aliongoza askari wa mizinga waliowekwa juu ya meli za mizigo. Meli hizo zilivuka bahari ya Atlantiki na kuingia Mediterania, huku nyambizi za Ujerumani zikiziwinda chini ya maji. Mwishoni mwa vita alipelekwa upande wa Pasifiki, ambako kazi yake ilikuwa kuchuja habari za waandishi zisije zikafichua siri za jeshi.

Aliporudi nyumbani mwaka 1945 alitafuta njia ya kujulikana haraka. Akaandika makala ya kuwakejeli wanawake wa Marekani kwa mavazi yao. Barua za hasira zikamiminika, na yeye akapata alichokitaka: watu wakaanza kuuliza Ruark ni nani. Shirika la magazeti la Scripps-Howard likampa safu yake, ikawa inachapishwa katika magazeti mengi nchini kote.

Hakuandika mizaha tu. Mwaka 1947 alikuwa Havana, Kuba, akatoboa habari kwamba mwimbaji maarufu Frank Sinatra alionekana huko pamoja na Lucky Luciano, mkuu wa wahalifu aliyekuwa amefukuzwa Marekani. Kelele zikawa kubwa. Serikali ya Marekani ikaibana Kuba, na Luciano akarudishwa Italia. Mwaka huohuo Ruark alikwenda Italia na kuandika mfululizo wa makala akimshutumu jenerali John C. H. Lee kwamba askari wake wa kawaida walikuwa wakitendewa vibaya huku wakubwa wakiishi kwa anasa. Jeshi lilifanya uchunguzi na kumsafisha jenerali, ambaye alistaafu mwishoni mwa mwaka huo. Lakini wanajeshi wa chini walikuwa wamemuona mwandishi mmoja akisema kwa niaba yao.

Hapo ndipo ilipo fumbo la maisha ya Ruark. Alipokuwa upande wa askari mdogo wa Marekani, aliweza kuona dhuluma kwa macho makali. Alipofika Afrika, macho hayohayo yaliona wanyama, yaliona milima, yaliona ujasiri wa wazungu wenzake, lakini hayakuona vizuri machungu ya wenye nchi.

Safari ya mwaka 1951

Kuandika kila siku, kulala kidogo na kunywa pombe kali kulimchosha. Daktari alimwambia apumzike, la sivyo mwili utamshinda. Ruark akachagua mapumziko ambayo daktari hakuyategemea: mwaka 1951 alimchukua mke wake, wakaenda kuwinda Kenya na Tanganyika.

Hakuwa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Theodore Roosevelt, mara tu baada ya kumaliza urais, alifika Mombasa mwaka 1909 na msafara mkubwa, akawinda Kenya na Uganda, kisha akafika Lado, kwenye ukingo wa magharibi wa mto Nile, eneo lililokuwa wakati huo chini ya Wabelgiji. Ernest Hemingway naye alikuja mwaka 1933. Ruark aliwasoma hao wawili na kuota kufuata nyayo zao.

Kiongozi wake alikuwa Harry Selby, kijana mzungu aliyekulia Kenya, wakati huo akiwa na miaka karibu 26. Selby alijua pori, alijua Kiswahili, na alikuwa mtulivu mbele ya hatari. Lakini Selby hakuwa peke yake. Nyuma ya kila safari ya namna hiyo kulikuwa na kundi la Waafrika: wafuata nyayo waliosoma ardhi kama mtu anavyosoma gazeti, wabeba bunduki waliosimama bega kwa bega na mgeni wakati mbogo aliyejeruhiwa anakuja mbio, wachuna ngozi, wapishi, na wanaume wa kusimamisha mahema. Ruark aliwaandika na kuwasifu. Aliwaita kwa majina yao. Hata hivyo, kati ya wote walioijenga safari ile, aliyevuna umaarufu ni mzungu kijana pekee.

Kitabu kilichotoka katika safari hiyo kilichapishwa mwaka 1953 kwa jina la Horn of the Hunter. Ruark hakujifanya shujaa. Alieleza hofu yake, alieleza alivyolenga vibaya, alieleza jinsi mbogo alivyomtisha kuliko simba. Wasomaji walimpenda kwa sababu hiyo. Wamarekani wenye pesa walianza kupanga foleni kwa Selby, na kazi yake ikajaa kwa miaka mingi mbele. Hata bunduki ya Selby, aina ya .416 Rigby, ambayo watu walikuwa wameanza kuisahau, ilipata sifa upya kwa wawindaji wa dunia.

Moto wa Kenya

Wakati Ruark akifurahia mahema na moto wa usiku, nchi ya Kenya ilikuwa ikichemka. Walowezi wazungu walikuwa wameshika ardhi bora ya nyanda za juu. Wakikuyu wengi waligeuka vibarua juu ya udongo wa mababu zao. Mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, karatasi ya kumtambulisha, na bila hiyo alikamatwa. Waliokuwa wamepigana vita vya dunia upande wa Waingereza walirudi na kukuta hawana shamba wala sauti.

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta akakamatwa, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953. Wapiganaji wa Mau Mau wakaingia msituni, katika mlima Kenya na milima ya Aberdare. Waliua, na wengi wa waliouawa nao walikuwa Wakikuyu waliodhaniwa kuwa upande wa serikali. Serikali ya Kiingereza ilijibu kwa mkono wa chuma. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa. Kwa hesabu za serikali yenyewe, zaidi ya waasi 11,000 waliuawa, wakati raia wazungu waliouawa katika miaka yote hiyo walikuwa 32. Watu zaidi ya milioni moja waliondolewa kwenye maboma yao na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na kulindwa na askari. Maelfu walipelekwa makambini, na kwa wengi mateso yakawa maisha ya kila siku.

Ruark aliiandika vita hiyo katika riwaya yake iliyotoka mwaka 1955, Something of Value. Inasimulia watoto wawili waliokua pamoja katika shamba moja: Peter, mtoto wa mlowezi, na Kimani, Mkikuyu. Wakiwa wakubwa, kofi moja ambalo Kimani anapigwa na mzungu linamkumbusha kwamba hawakuwa sawa hata siku moja. Kimani anaingia Mau Mau, Peter anakuwa msakaji wa Mau Mau, na urafiki wao unaishia katika damu.

Riwaya hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizouzwa zaidi Marekani mwaka huo. Mwaka 1957 ikawa filamu, Rock Hudson akicheza kama Peter na Sidney Poitier kama Kimani. Ruark akawa tajiri. Na kwa msomaji wa New York au Chicago, kitabu hicho kikawa ndicho Kenya yenyewe.

Si kwamba hakuona kitu. Aliona kwamba mzungu alikuja akavunja mila za watu bila kuwapa kitu cha thamani mahali pake, na hiyo ndiyo maana ya kichwa cha kitabu. Lakini alipofika kwenye Mau Mau, kalamu yake ilijaza kurasa kwa viapo, mapanga na maiti, kana kwamba vita ile ilitoka katika giza la moyo wa Mwafrika na si katika shamba lililonyang'anywa. Madai ya ardhi yalibaki pembeni. Makambi ya mateso hayakupewa uzito uleule. Mlowezi alikuwa na jina, mke, watoto na hofu. Wapiganaji wengi walikuwa vivuli tu.

Kazi iliyo bora na kazi iliyo na doa

Wakati huohuo Ruark alikuwa akiandika kitu tofauti kabisa. Kuanzia mwaka 1953, jarida la wawindaji na wavuvi, Field & Stream, lilimpa safu ya kila mwezi. Humo alirudi Southport, kwa babu yake, kwa mbwa, mto na kware. Makala hizo zilikusanywa katika kitabu The Old Man and the Boy mwaka 1957, na kingine kikafuata mwaka 1961. Mzee wa kitabu anamfundisha mjukuu adabu, subira na kumheshimu mnyama anayemuwinda. Hadi leo kuna wazazi Marekani wanaowasomea watoto wao kitabu hicho, hata wale ambao hawajawahi kushika bunduki.

Ruark alikuwa tayari ameacha kuishi Marekani. Alikuwa amehamia Palamós, mji wa wavuvi kwenye pwani ya Hispania. Kutoka huko alisafiri kuwinda India na tena na tena Afrika. Mwaka 1959 alitoa riwaya nene, Poor No More, ya mtu anayepanda kutoka umaskini hadi utajiri na kupoteza utu wake njiani. Waliomjua waliona kwamba hakuwa akiandika mambo ya mbali sana na yeye mwenyewe.

Neno lililomtisha

Mwaka 1960 ulibadilisha hesabu za wazungu wote wa Afrika Mashariki. Mapema mwaka huo, katika mkutano wa Lancaster House mjini London, Uingereza ilikubali kwamba Kenya itaelekea kutawaliwa na Waafrika walio wengi. Tarehe 30 Juni Kongo ikapata uhuru. Siku chache baadaye jeshi liliasi, na familia za Wabelgiji zikakimbia kwa magari kuelekea mashariki, zikipitia Uganda hadi Nairobi. Walowezi wa Kenya waliwaona wakifika na masanduku yao, na hofu ikaingia nyumba kwa nyumba. Wengine walianza kuuza mashamba.

Katika hali hiyo Ruark aliandika Uhuru, iliyotoka mwaka 1962. Mhusika wake mkuu ni mwindaji mzungu katika Kenya inayosubiri kujitawala. Kitabu kinajaa wanasiasa wenye tamaa, vitisho na mauaji. Neno ambalo mamilioni ya watu kuanzia Mombasa hadi Kisangani walikuwa wakilitamka kwa furaha, yeye aliwafasiria wasomaji wake kama kengele ya hatari.

Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Kiingereza ikateremshwa Nairobi. Kenyatta, yule aliyefungwa, akaiongoza nchi. Kiliopigiwa ramli hakikutokea: walowezi hawakuchinjwa. Walio wengi walilipwa fedha za mashamba yao wakaondoka, wengine wakabaki na kuwa raia wa Kenya.

Mwaka uliofuata kijana Mkikuyu kutoka Limuru, aliyesoma Makerere, Uganda, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Weep Not, Child. Jina lake ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Alikuwa ameishi hali ya hatari akiwa mtoto, ndugu yake akiwa msituni na wapiganaji. Kwa mara ya kwanza wasomaji wengi wa nje walikutana na vita ileile ikitazamwa kutoka ndani ya nyumba ya Mkikuyu: baba asiye na shamba, mama anayesubiri, mtoto anayeona shule ikimponyoka. Baadaye Ngũgĩ alimtaja Ruark waziwazi miongoni mwa waandishi wa kizungu ambao vitabu vyao vilijaa ubaguzi. Hukumu hiyo imemfuata Ruark hadi leo.

Mwisho wa mapema

Miaka ya mwisho ya Ruark ilikuwa ya majonzi. Ndoa yake na Virginia ilivunjika mwaka 1963. Hawakuwa na mtoto. Kenya aliyoipenda, ile ya mahema na mabwana, ilikuwa imeisha. Pombe, ambayo daktari alimuonya juu yake zaidi ya miaka kumi nyuma, ilikuwa imeharibu ini lake. Aliendelea kuandika hadi nguvu zilipokwisha. Alitoka Hispania akiwa mgonjwa, akapelekwa London, na huko akafa kwa kutokwa damu ndani ya mwili. Alizikwa Palamós.

Riwaya yake ya mwisho, The Honey Badger, ilitoka baada ya kifo chake. Jina hilo ni la nyegere, mnyama mdogo mkali ambaye haogopi mwenye nguvu kuliko yeye. Mhusika mkuu ni mwandishi Mmarekani aliyepata pesa na sifa, aliyeshindwa na mapenzi, na anayekabili kifo. Ni vigumu kuisoma bila kumuona mwandishi mwenyewe nyuma ya kila ukurasa.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo. Harry Selby alikuwa amekwisha kuhamia Botswana, ambako aliendelea na kazi yake na kufariki mwaka 2018 akiwa mzee wa miaka 92. Na mwezi Juni 2013, serikali ya Uingereza ilitangaza bungeni kwamba inasikitika kwa mateso waliyofanyiwa Wakenya wakati wa hali ya hatari, ikakubali kulipa karibu pauni milioni 20 kwa wahanga 5,228. Wazee hao walikuwa watu walewale ambao katika riwaya za Ruark walipita kama vivuli.

Vitabu vyake bado vinachapishwa, na wawindaji bado wanamtaja kwa heshima. Mtu anayetaka kujua jinsi nyasi zinavyonukia baada ya mvua katika nyika ya Tanganyika, au jinsi moyo unavyodunda mbogo anapogeuza kichwa, atapata mwalimu mzuri kwa Ruark. Lakini anayetaka kujua kwa nini mtu wa Kikuyu aliacha mke na watoto akaingia msituni na panga, itabidi afungue vitabu vya wenye nchi wenyewe.